Nzi Juu ya Mdomo wa Hamdi

Hooyo macaan, mama yangu mtamu,

Amani ya Mola ikufikie huko Habaswein, kwenye mchanga ambao wewe mwenyewe ulisema unatosha, kaburi lako lisiletewe saruji. Barua hii siwezi kukupelekea, kwa hiyo nimeiacha wazi, aisome anayetaka. Kuna mtu mmoja hasa ninayetaka aisome, yule uliyekuwa ukimuulizia kwenye simu. Na kuna jambo moja nililokuficha mpaka ukafa hulijui. Nilidhani litazikwa nawe. Halikuzikwa.

Unakumbuka siku uliyofika Garissa kwa ajili ya Hamdi? Ulishuka kwenye gari langu la maziwa, ulikokuwa umekaa katikati ya mitungi, vumbi limekupaka hadi kwenye kope. Hukunisalimu. Uliuliza mtoto yuko wapi. Nikakueleza kwamba utumbo wake ulikuwa umejiingiza ndani ya utumbo, daktari kampasua asubuhi na kuuweka sawa, kazi imekwisha. Nikakuambia unywe chai kwanza. Ukasema chai haitoroki.

Hamdi alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Tulimkuta kitanda cha nne, karibu na dirisha, dripu mkononi na bandeji tumboni, magoti ameyakunja kidogo. Kimya kabisa. Na mimi, mama yake, nilikuwa nimejaa fahari.

Acha niiseme fahari hiyo jinsi ilivyokuwa, maana wewe uliniachia na mimi nikamrithisha yeye. Kitanda cha tatu kulikuwa na mtoto wa rika lake aliyekuwa akipiga kelele tangu saa saba, na mama yake alikuwa akituomba radhi wodi nzima. Wanawake walimtazama yule, kisha wakamtazama wangu, wakasema huyu wa mama Hamdi ni geesi, yaani shujaa. Ndilo neno nililokuwa nikimnong'oneza sikioni tangu asubuhi: geesi halii. Nilipokuwa na miaka sita ulinitoa mwiba wa mgunga unyayoni kwa sindano ya kushonea mikeka, mimi nimeuma mtandio wangu bila kutoa sauti, na ukasimulia habari zangu kisimani mwezi mzima. Kwetu mtoto asiyelia husimuliwa. Anayelia hutulizwa tu. Nani asingependa kusimuliwa?

Mtoto wa kitanda cha tatu alipata dawa mara mbili mchana ule. Niliona, nikahesabu, na nikafikiri: wangu hahitaji.

Wewe ulivuta stuli, ukakaa. Hukumgusa. Ulimtazama tu, kwa muda mrefu hata nikaanza kuona haya kwa niaba yako. Mimi nilikuwa kwenye simu. Nilikuwa na mitungi arobaini njiani na jua kali, na dereva aliyekuwa akiniambia gari limechemka Modogashe. Biashara ile niliianza na mtungi mmoja wa lita tano, nikiubeba kichwani hadi sokoni, na nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba nikiacha kuhesabu siku moja tu kila kitu kitamwagika. Ukaniambia bila kugeuka:

"Weka hiyo simu. Unajua kuhesabu. Hujui kutazama."

Hapo ndipo alipoingia Sista Mwende. Uliona sura yake tu, hukuwahi kumjua, kwa hiyo nikueleze. Ni Mkamba wa Mwingi, mwenye pengo la mbele na maneno ya haraka. Mchana ule alikuwa na mwenzake mmoja na watoto ishirini na wawili. Alisimama miguuni pa kitanda, karatasi mkononi, akaniuliza kama mtoto analia. Nikasema halii. Akauliza kama amelia tangu atoke thieta. Nikasema hata mara moja, na nikalisema kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani.

Karatasi ile ilikuwa na visanduku vitano. Najua kwa sababu baadaye nilidai nakala. Uso, miguu, mwili, kilio, na kama mtoto anatulizika akibembelezwa. Kila kimoja hupewa sifuri, moja au mbili, jumla ni kumi. Ni kipimo cha maumivu kwa mtoto ambaye bado hawezi kusema panapouma. Ni kipimo kizuri, Hooyo. Wewe ungekielewa kuliko sisi wote, maana umekitumia maisha yako yote kwa wanyama bila karatasi. Lakini kinataka mtu asogee, afunue shuka, atazame. Sista alisimama miguuni, akasikia jibu langu kuhusu kilio, na akajaza sifuri tano.

Ndipo ukasema. Ulisema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, ukimtazama yeye na si mimi:

"Mwambie huyo binti kwamba mtoto huyu halali, anavumilia. Nzi ametua mdomoni pake mara tatu na hakumfukuza. Ndama wa ngamia asiyetikisa sikio nzi akitua jichoni hatumwachi peke yake hadi asubuhi. Na atazame anavyopumua juu juu, kama anayeogopa kuligusa tumbo lake kwa ndani."

Sista akanigeukia. "Mama anasema nini?"

Nilikuwa na kama sekunde tatu. Nikafikiri: nikitaja nzi, nimemwambia wodi yake ni chafu. Nikitaja ngamia, ataona tumetoka malishoni jana. Nilikuwa nimevaa abaya mpya, Hooyo. Nilikuwa mwanamke mwenye magari mawili ambaye mama yake kapanda juu ya mitungi. Nikasema:

"Anakuombea dua."

Sista Mwende akatabasamu, pengo lote nje, akaweka mkono kifuani. "Amina, mama. Asante sana." Akaenda kitanda cha tano.

Wewe uliliona tabasamu. Ungejuaje kwamba maneno yako hayakufika? Uliamini amesikia yote, nzi na ndama na pumzi, na akacheka. Ulisema neno moja tu: "Amecheka." Nami nikaokota simu yangu.

Sasa hesabu. Sindano ya maumivu alichomwa saa sita mchana. Iliyofuata ingeweza kutolewa saa kumi na mbili jioni, lakini kwenye chati iliandikwa "akihitaji", na mtoto mwenye sifuri hahitaji. Saa kumi na moja jioni Sista akajaza mstari wa pili, sifuri tano. Mwenzake wa zamu ya usiku akaunakili mstari huo chini yake. Mistari mitatu, sifuri kumi na tano. Alfajiri, baada ya swala, ulichukua tasbihi yako ya punje thelathini na tatu, ukawa unasogeza punje moja kwa kila pumzi ya Hamdi, ukaniambia nishike saa. Tasbihi iliisha kwa sekunde thelathini na nane. Pumzi hamsini na mbili kwa dakika. Ni mara ya kwanza tulihesabu pamoja, na ni mara ya kwanza niliogopa.

Daktari alipita saa tatu asubuhi. Nilikimbilia kumweleza, safari hii nikayasema ya pumzi tu. Akaweka kiganja karibu na bandeji. Hamdi hakulia. Alikakamaa mwili mzima, vidole vya miguu vikajikunja kama kucha za ndege. Daktari akasikiliza kifua, akatuambia kwamba mtoto huyu ameogopa kuvuta pumzi kwa sababu inauma, na sehemu ya chini ya pafu imejifunga na kushika makohozi. Akaagiza sindano hapo hapo. Kutoka saa sita mchana hadi saa tatu asubuhi ni saa ishirini na moja. Mtoto wa miaka miwili alilipa saa ishirini na moja ili mama yake asifiwe wodini.

Sindano ile ililetwa na Sista Mwende mwenyewe, karudi zamu ya asubuhi. Baada ya robo saa hivi Hamdi alifumbua macho, akavuta pumzi ndefu, na akaangua kilio hata kitanda cha tatu kikanyamaza. Mimi nilishtuka. Wewe ulicheka mpaka ukafuta macho. Ukasema, "Sasa amerudi." Kisha ukasema jambo jingine, Sista akiwa amekwisha kugeuka na kigari chake: "Mwenyezi Mungu asiukaushe mkono ulioleta dawa, na watoto wake wasilale kimya penye maumivu." Ulimwombea mtu uliyeamini kakucheka. Hilo nalo sikulitafsiri.

Tulikaa siku tisa zaidi kwa sababu ya pafu. Tulipotoka nilikuwa na hasira inayotosha kuchemsha mitungi yote arobaini. Nikaandika malalamiko, kurasa mbili, saa kwa saa, na nikaambatisha nakala ya sifuri kumi na tano. Unakumbuka ofisi ile yenye feni isiyozunguka. Ulikaa kando yangu umejifunga guntiino, nguo yako ya sherehe. Mkubwa wao akamtaka Sista ajieleze. Akasema aliniuliza kama mtoto amelia, nikasema hapana. Kisha akasema, "Na bibi aliniombea dua. Angekuwa na wasiwasi, angeniombea dua?"

Watu watatu waliokuwa pale wakatazamana. Ilisikika kama uongo wa mtu aliyekwama. Ukaniuliza anasema nini. Nikakujibu kwamba anajitetea. Mkubwa akaniuliza kama bibi alimwambia chochote. Nikasema mama yangu alimweleza hali ya mtoto mbele yake na yeye akatabasamu. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, Hooyo, na yote pamoja yalikuwa uongo.

Walimwondoa wodini, wakampeleka kwenye chanjo miezi minane. Alipokuwa akitoka ofisini alinitazama. Hakuwa na chuki. Alinitazama kama mtu anayerudia hesabu asijue kosa liliingia mstari gani.

Na hadithi ikaenda mbele yangu. Niliisimulia sokoni, kwenye harusi, kwa kina mama wa maziwa: bibi aliona, sista akacheka. Watu walitikisa vichwa. Wewe kila ukinipigia simu, baada ya mvua na mifugo, uliniuliza, "Yule aliyecheka bado yupo?" Nami nikakurudisha kwenye mvua. Mara ya mwisho ulipouliza, sauti yako ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba. Nilikuwa na nafasi. Nikakuuliza kama ngamia yule mwekundu amezaa.

Sijafuta malalamiko yangu. Asinielewe vibaya mtu wa hospitali atakayesoma hapa. Watoto ishirini na wawili kwa sista wawili bado ni hesabu mbaya. Neno "akihitaji" kwa mtoto asiyeweza kuomba bado ni neno baya. Na wodi iliyo katikati ya Wasomali kukosa mkalimani, ikamtegemea mama mwenye mtoto mgonjwa na kiburi chake, hiyo nayo ni kasoro. Nasimama pale pale. Ila kwenye orodha ile ya makosa kulikuwa na nafasi tupu, na jina la kuandika hapo ni langu.

Mwezi uliopita, Hooyo, Zakariya alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Hukumwona huyu. Ana mwaka mmoja na miezi saba na amechukua masikio yako. Hospitali ni ile ile, baba yake yuko safarini Mandera na lori, nami nikaingia wodini peke yangu. Kitanda cha pili. Ile stuli nikaivuta mimi. Simu nikaizima. Safari hii sikumnong'oneza habari ya ushujaa. Nilimwambia, ukitaka kulia lia, nipo.

Hakulia. Ni wa kwetu.

Saa tisa alasiri akaja Sista Mwende. Sasa anavaa miwani na ndiye mkuu wa wodi. Alisoma jina kwenye chati, akanyanyua macho polepole, akasema, "Mama Hamdi." Nikasema ndiyo. Akauliza Hamdi yuko darasa la ngapi. Nikasema la pili. Akasema Mungu ni mwema.

Hakuniuliza kama mtoto analia. Aliniuliza Zakariya akiwa mzima nyumbani hulala vipi, hushika nini, hupenda kubebwa vipi. Kisha akafunua shuka, akatazama miguu. Akagusa karibu na bandeji kwa mgongo wa mkono wake, huku macho yake yakiwa usoni pa mtoto. Alisimama pale dakika nzima. Niliihesabu.

Nzi akatua pembeni mwa jicho la Zakariya. Mtoto alifumba tu jicho. Nzi akatembea hadi puani. Hakumfukuza.

Nilisikia mdomo wangu ukifunguka. "Sista, siku ile mama yangu hakukuombea dua."

Akaweka kalamu chini. "Alisema nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, kwa Kiswahili, mtoto anayevumilia, nzi mara tatu, ndama asiyetikisa sikio, tumbo linaloogopwa kwa ndani. Nilikuwa nayo yote kichwani. Miaka mitano hayakupungua hata neno. Nikamwambia na ya ofisini. Alisikiliza huku mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda.

"Kwa hiyo ile amina yangu," akasema, "niliitikia nini?"

Nikamfukuza yule nzi puani pa Zakariya.

"Waliniita mwongo, mama Hamdi. Kule chanjo nilikaa nikijiuliza kama masikio yangu ni mazima."

Nikamwambia nitaandika. Akasema niandike, lakini kwanza mtoto. Akachukua kalamu, akajaza visanduku huku akinitajia kwa sauti: uso mbili, miguu moja, mwili mbili, kilio sifuri, kutulizika moja. Sita. Mtoto asiyetoa sauti alipata sita kwa kumi. Akaenda, akarudi na dawa, akaichoma mwenyewe.

Nilidhani hatarudi. Alirudi baada ya dakika arobaini bila kuitwa, maana siku hizi huwapima tena kuona kama dawa imefanya kazi. Alisimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Na nzi, Hooyo, wa Garissa hawaishi. Akaja mmoja, akatua shavuni. Tukamtazama sote wawili. Moja, mbili, tatu. Zakariya akakunja pua, akarusha mkono, akajipiga kofi mwenyewe, nzi akaruka, na mtoto akaachia mlio wa hasira uliowageuza watu hadi mlangoni.

Sista akaniuliza, "Mama yako angesema nini hapo?"

"Angesema, sasa amerudi." Kisha nikamwambia kwamba kuna dua kweli, uliisema asubuhi ya pili, yeye akiwa amekwisha kugeuka. Nikamtafsiria: Mwenyezi Mungu asiukaushe mkono ulioleta dawa, na watoto wake wasilale kimya penye maumivu.

Hakutabasamu. Aliweka mkono kifuani, pale pale alipouweka siku ile.

"Amina, mama," akasema, na hakuwa akinitazama mimi.

Hooyo, hakucheka. Ndilo nililotaka ulijue. Mtu uliyemuulizia kwenye simu miaka yote hakukucheka hata mara moja. Aliyekuzuia usisikike ni mimi. Ukurasa mmoja wenye maneno hayo nimeupeleka ofisini juma hili, nimeuweka juu ya zile kurasa mbili za zamani. Sokoni nako nimeanza kuisimulia upya, na wako wasiopenda mwisho huu. Wanasema ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi.

Mvua ikikatika nitakuja Habaswein na watoto wote wawili. Nitakusomea barua hii kwa lugha yako, bila kuruka neno. Wakikanyaga miiba watalia, na wewe utuvumilie.

Lala salama, Hooyo. Nimejifunza, kwa kuchelewa, kutazama.

Binti yako,
mama wa Hamdi na Zakariya